UZI: Barclays na Absa. Kwa nini kampuni mama iachie tanzu inayoingiza faida?

#1 Mizania

Wakuu, salaam.

Kampuni kubwa ikitangaza kupunguza hisa kwenye tanzu yake, maoni huwa yaleyale: "kuna kitu wamekiona", "wazungu wanakimbia", "tanzu imeoza". Mara nyingi ni kupiga ramli. Naleta kisa ambacho namba zake ziko hadharani, na ambacho wengi humu wanakijua kwa rangi ya kadi zao za benki: Barclays ya London kujitoa Barclays Africa, ambayo leo ni Absa.

Mtiririko ni huu. Mwaka 2005 Barclays ilinunua zaidi ya nusu ya hisa za Absa ya Afrika Kusini kwa takriban pauni bilioni 2.9, sawa na randi bilioni 33 za wakati ule. Mwaka 2013 ikaikabidhi Absa benki zake za nchi nane: Kenya, Tanzania, Uganda, Zambia, Botswana, Ghana, Mauritius na Shelisheli. Haikulipwa fedha taslimu. Ililipwa kwa hisa mpya, umiliki wake ukapanda kutoka asilimia 55.5 hadi 62.3, na kundi zima likabatizwa Barclays Africa Group. Misri na Zimbabwe ziliachwa nje ya mpango huo.

Tarehe 1 Machi 2016 mkurugenzi mkuu, Jes Staley, akatangaza kwamba ndani ya miaka miwili hadi mitatu watashusha umiliki mpaka kiwango ambacho hesabu za Afrika hazitajumuishwa tena kwenye hesabu za kundi la London. Siku hiyohiyo akakata gawio: wanahisa wa Barclays waliozoea senti 6.5 za pauni kwa hisa wakaambiwa watapata 3 kwa mwaka 2016 na 3 kwa mwaka 2017. Soma matangazo hayo mawili kwa pamoja. Aliyekuwa na njaa ya mtaji ni mama. Mtoto alikuwa anakula vizuri tu.

Hoja ya msingi: ukimiliki asilimia 62.3, faida yako ni asilimia 62.3. Lakini kwa mdhibiti wa Uingereza mikopo yote ya tanzu, hadi ule wa mwalimu wa Dodoma, inahesabika ni yako kwa asilimia 100, na mtaji wa kuikinga unadaiwa kwako. Tanzu ikiyumba, anayepigiwa simu ni wewe, wala si mwenye hisa mia tatu pale Johannesburg. Mzigo mzima, chakula theluthi mbili kasoro.

Karibuni tuchambue. Mwenye nondo ashushe.

#2 Sabasaba77

Mkuu hapo umeniacha njiani. Barclays Africa ilikuwa inapata faida ya asilimia 17 ya mtaji wa wanahisa mwaka 2015. London kwenyewe walikuwa hawafiki hata nusu ya hapo. Mtu anauzaje ng'ombe anayekamuliwa abaki na mkavu?

#3 Mizania

@Sabasaba77 kwa sababu maziwa yanakamuliwa Johannesburg lakini yanapimwa London, na njiani yanamwagika. Ile 17 ikifika kwenye vitabu vya Barclays ilibaki kama nusu yake. Inamwagikia wapi?

Kwanza gudwili. Ukinunua benki kwa bei inayozidi thamani ya vitabu vyake, ile ziada inakaa kwenye mizania ya mnunuzi. Absa hawaijui, haimo kwenye vitabu vyao. Kwa hiyo mtaji ambao London inasema "nimeuweka Afrika" ni mkubwa kuliko ule ambao Johannesburg inasema "ninao". Gawanya faida ileile kwa namba kubwa zaidi, asilimia inashuka.

Pili, tozo ya benki ya Uingereza. Ilianza 2011 na ilitozwa kwenye mizania ya dunia nzima ya benki zenye makao Uingereza. Maana yake amana za Nairobi na Lusaka zilikuwa zinaongeza bili ya kodi London. Waliibadilisha kuanzia Januari 2021 ili iguse mizania ya Uingereza peke yake, lakini wakati huo Barclays ilishashuka chini ya asilimia 15.

Tatu, mtaji wa ziada kwa benki ambazo dunia inaziona ni kubwa mno kuanguka. Unapimwa kwa ukubwa na utata wa kundi zima. Tanzu ya nchi kumi inaongeza vyote viwili.

Nne, sarafu. Kwa bei ya 2005 (randi bilioni 33 kwa pauni bilioni 2.9) pauni moja ilikuwa kama randi 11.4. Mei 2016 ilikuwa kama 21.7. Faida ya randi 100 iliyokuwa pauni 8.8 ikawa pauni 4.6, na hakuna meneja wa tawi aliyekosea chochote.

#4 Kalamu Nyekundu

Nakazia ya mleta uzi, ila kuna mahali watu watapotoka. Ukisikia "mzigo asilimia 100" usidhani mtaji wa wale wanahisa wachache hauhesabiwi kabisa. Unahesabiwa, lakini kwa kubanwa. Kanuni za Basel III, yaani kanuni za kimataifa za mtaji wa benki, zinasema hivi: sehemu ya wanahisa wachache inaruhusiwa kwenye mtaji wa kundi mpaka kiwango cha chini kinachotakiwa kwa tanzu. Ziada inakatwa. Sababu yake ni ya kawaida kabisa: ziada hiyo mama hawezi kuichukua kuziba tundu la Liverpool. Ina wenyewe.

Mfano wa kubuni, uwe rahisi. Tanzu ina mali zilizopimwa kwa uzito wa hatari 1,000 na mtaji halisi 120, yaani asilimia 12. Kiwango cha chini pamoja na akiba yake ni asilimia 7, kwa hiyo 70. Ziada ni 50.

Sehemu ya mama: 62.3% ya 120 = 74.8.
Sehemu ya wachache: 37.7% ya 120 = 45.2.
Ziada ya wachache inayokatwa: 37.7% ya 50 = 18.9.
Wanachoruhusiwa kuhesabu kwa wachache: 45.2 kutoa 18.9 = 26.3.

Mama anaandika mtaji wa 101.1 dhidi ya mali 1,000. Tanzu kwake ina asilimia 12, kwa mama imekuwa 10.1. Ikiwa kundi linatakiwa liwe na asilimia 12 kila mahali, mama atafute 18.9 kutoka mfukoni kuipa tanzu ambayo haina tatizo lolote. Na hapo bado hatujatoa gudwili, ambayo inakatwa yote kwenye mtaji.

Sasa ajabu yenyewe: tanzu ikiwa makini zaidi na kuweka mtaji mwingi zaidi, kinachokatwa kinakua. Tanzu yenye nidhamu inamuumiza mama. Ndiyo maana umiliki wa asilimia 60 kwenye benki ni mahali pabaya pa kukaa. Ama uwe na 100, ama uwe chini kabisa.

#5 Hisa za Moi Avenue

Nyongeza kutoka Nairobi. Hiyo hesabu hapo juu inajirudia ngazi kwa ngazi. Barclays Bank of Kenya ilikuwa inamilikiwa asilimia 68.5 na kundi, zilizobaki ni za wananchi na mifuko kupitia Soko la Hisa la Nairobi tangu 1986. Baada ya 2013 London ilikuwa na 62.3 ya Johannesburg, na Johannesburg ina 68.5 ya Nairobi. Zidisha: shilingi 100 za faida ya Kenya, haki ya mwisho ya London ni kama shilingi 42 na senti 70. Mikopo ya Kenya bado inaingia kwenye mizania ya London yote, shilingi 100 kwa 100.

#6 Sabasaba77

Hapo sasa nimeelewa. 42.70 kwa mzigo wa 100. Hata mimi ningeshuka kwenye hilo gari.

Swali linalofuata: kwa nini hawakuuza zote siku moja kwa mnunuzi mmoja?

#7 Mizania

Sheria ya Afrika Kusini haimruhusu mtu kuvuka asilimia 15 ya hisa za benki bila kibali, na akitaka kwenda juu zaidi kuna ngazi nyingine za vibali. Mnunuzi mmoja wa asilimia 62 angehitaji kukubalika kwa Benki Kuu ya Afrika Kusini na kwa hazina, halafu kila nchi nyingine ina mdhibiti wake. Na mnunuzi wa aina hiyo angeingia kwenye shimo lilelile la #4.

Kwa hiyo wakauza sokoni kwa mafungu, kwa njia ya haraka: soko likifunga, madalali wanapiga simu kwa mifuko mikubwa, bei inakubaliwa usiku, asubuhi yameisha.

Mei 2016: hisa milioni 103.6 kwa randi 126, jumla randi bilioni 13.1, pauni milioni 603. Umiliki ukashuka hadi 50.1. Ona walivyosimama kwenye kizingiti: wameuza, lakini mlango bado ni wao.

Juni 2017: hisa milioni 285.7 kwa randi 132, jumla randi bilioni 37.7, pauni bilioni 2.2. Hilo ni asilimia 33.7 kwa mkupuo, na Public Investment Corporation, mfuko unaosimamia pensheni za watumishi wa umma wa Afrika Kusini, ukakubali kuchukua asilimia 7. Barclays ikabaki na 16.4. Kisha ikatoa asilimia 1.5 kwa ajili ya mpango wa kuwamilikisha weusi uchumi, ikatua 14.9. Hiyo 14.9 si bahati nasibu, rudi kwenye kile kizingiti cha 15.

Kitu cha kutazama kwa karibu ni bei kwa pauni. Kati ya mafungu hayo mawili, bei kwa randi ilipanda asilimia 5 tu, kutoka 126 hadi 132. Lakini fungu la kwanza liliingiza kama pauni 5.82 kwa hisa na la pili pauni 7.70. Ongezeko la karibu theluthi moja, na sehemu yake kubwa imetoka kwenye randi kupata nafuu. Wangeuza zote Mei 2016 wangeacha fedha nyingi mezani. Hakuna aliyejua, lakini kuuza kwa mafungu kunakupa nafasi ya kutopigwa na sarafu siku moja mbaya.

#8 Binti Mkaguzi

Mnapitia haraka upande wa vitabu, na hapo ndipo waandishi wa habari waliandika vichwa vya ajabu. Barclays ilipokea pauni bilioni 2.2 halafu ikatangaza hasara ya pauni bilioni 2.5 kwa Afrika ndani ya nusu mwaka huohuo. Watu wakauliza: wameuza kwa hasara?

Ni vipande viwili, na havifanani hata kidogo.

Kipande cha kwanza, pauni bilioni 1.1, ni kushuka kwa thamani. Tangu Machi 2016 tanzu iliwekwa kwenye kundi la mali zinazosubiri kuuzwa. Kanuni ya IFRS 5 (IFRS na IAS ni viwango vya kimataifa vya uhasibu) inasema mali ya aina hiyo iandikwe kwa thamani ya vitabu au thamani ya soko ukitoa gharama za kuuza, ipi iliyo ndogo. Bei ya soko ilikuwa chini ya vitabu, wakaiteremsha. Hiyo ni hasara ya kweli.

Kipande cha pili, pauni bilioni 1.4, kwa sehemu kubwa ni hasara za sarafu zilizokwisha kutokea zamani. Kila mwaka tangu 2005, mizania ya Absa ilipogeuzwa kutoka randi kwenda pauni, tofauti ilikuwa inaingizwa moja kwa moja kwenye akiba maalumu ndani ya mtaji, haipiti kwenye taarifa ya faida na hasara. Siku unapopoteza udhibiti, IAS 21 inakulazimisha uitoe akiba hiyo na kuipitisha kwenye faida na hasara. Mtaji jumla haubadiliki hata senti: umetoa mfuko wa kushoto, umetia wa kulia. Ni makovu ya miaka 12 yanasomwa kwa sauti siku moja.

Ushahidi: kiwango cha mtaji halisi cha Barclays kilikuwa asilimia 12.4 mwisho wa Desemba 2016 na 13.1 mwisho wa Juni 2017, katika nusu mwaka hiyohiyo ya "hasara". Afrika kutoka kulichangia ongezeko hilo.

Jambo lingine: msidhani 50 ndiyo mstari wa uchawi. IFRS 10 inauliza nani ana nguvu ya kuamua, nani anapata matokeo, na kama nguvu hiyo inaweza kutumika kubadili matokeo hayo. Ukiwa na asilimia 45 na wengine wote ni wenye hisa mbili tatu waliotawanyika, mkaguzi anaweza kusema bado unadhibiti na ukajumuishe. Ndiyo maana walitoka 50.1 wakadondoka hadi 16.4, hawakuzubaa kwenye 48. Na mdhibiti wa mtaji ana kipimo chake mwenyewe, tofauti na cha mhasibu: kwa hesabu za kawaida waliacha kujumuisha tarehe 1 Juni 2017, lakini kwa hesabu za mtaji waliendelea kubeba sehemu yao mpaka 2018.

#9 Waya Mmoja

Mnazungumza kana kwamba kuuza hisa ndiyo kutengana. Kuuza hisa ni usiku mmoja. Kutengana ni miaka mitatu.

Barclays ililipa tanzu pauni milioni 765 ili iweze kuondoka. Narudia: mama alimlipa mtoto. Fedha hiyo ilikuwa ya mifumo, kubadilisha jina, na kuvunja mikataba ya huduma iliyokuwepo kati yao. Mkataba ukawapa huduma za mpito na haki ya kutumia jina la Barclays nje ya Afrika Kusini kwa miaka mitatu tangu umiliki uliposhuka chini ya nusu, yaani mpaka Juni 2020. Kundi likarudi kuitwa Absa Julai 2018, Uganda ikabadilisha Novemba 2019, Kenya na Tanzania Februari 2020. Miezi minne tu kabla ya saa kugonga. Fikirini wangesubiri Aprili ya mwaka ule wa korona.

Kwa atakayeandika mkataba wa huduma za mpito, haya ndiyo yanayokwamisha:

Orodha ya huduma isitoke kwenye vikao vya mameneja. Meneja atakutajia mifumo anayoiona kwenye skrini yake. Toa orodha kwenye vitu viwili: ankara za ndani kati ya mama na tanzu za miezi 24, na kumbukumbu za mtandao zinazoonyesha seva gani inazungumza na seva gani. Tofauti kati ya orodha hizo mbili ndiyo hatari yako. Humo utakuta vitu kama kipanga-saa cha London kinachoanzisha kazi za kufunga siku huku Afrika, au cheti cha usalama kinacholipiwa na idara ambayo hakuna aliyeikumbuka.

Leseni za programu nyingi ziko kwa jina la mama, na zina kifungu kinachosema anayeruhusiwa kutumia ni kampuni "inayomilikiwa zaidi ya nusu". Siku ukishuka hadi asilimia 49.9, tanzu inatumia programu bila haki. Muuzaji wa leseni anajua tarehe yako kwa sababu umeitangaza sokoni, na atakuja na bei yake. Zungumza naye kabla ya tangazo, au weka kwenye mkataba nani atalipa.

Bei ya huduma: mwaka wa kwanza gharama halisi na nyongeza ndogo, kisha ipande kila baada ya miezi sita. Bila kupanda, tanzu haina haraka na mama anabaki fundi wa mtu mwingine. Ikipanda kwa kasi mno, tanzu inahama kabla haijawa tayari, na hapo ndipo unasikia kadi zimegoma nchi nzima wikendi ya mshahara.

Mpangilio wa kuhama: utambulisho wa watumiaji na mtandao kwanza, barua pepe na mifumo ya watumishi, kisha hazina na kadi, na mfumo mkuu wa benki mwisho. Usihamishe chochote kati ya tarehe 24 na tarehe 5, wala Desemba. Kila mfumo uendeshwe sambamba, wa zamani na mpya, angalau kwa kufunga mwezi mmoja mzima, na mizani za pande zote mbili zilingane mpaka senti kabla hujazima wa zamani.

Kadi usizibadilishe zote kwa pamoja. Acha za zamani ziishe muda wake kadiri mkataba wa jina unavyoruhusu. Mashine za ATM, mihuri, fomu, vitabu vya hundi, mabango na anwani za wavuti vina ratiba yake peke yake, na mabango ndiyo hukwama, maana kila halmashauri ina kibali chake na ada yake.

#10 Kitabu cha Ardhi

@Waya Mmoja umesahau hati. Benki ikibadilisha jina bado ni mtu yuleyule kisheria, kwa hiyo rehani zilizosajiliwa kwa jina la zamani hazifi na mteja hana haja ya kusaini upya. Kazi inakuja siku ya kufuta rehani: ambatisha cheti cha mabadiliko ya jina kutoka BRELA, wasajili wa makampuni, la sivyo msajili anakurudisha. Vilevile dhamana za watu wengine zilizoandikwa "kwa Barclays", na kesi zilizoko mahakamani, jina lirekebishwe mapema.

Na kwa Tanzania kuna kodi ambayo wengi huigundua wakiwa wamechelewa. Kifungu cha 56 cha Sheria ya Kodi ya Mapato, kwa namba za sheria ya 2004, kinasema umiliki wa mwisho wa kampuni ukibadilika kwa zaidi ya asilimia 50 ukilinganisha na hali ya wakati wowote ndani ya miaka mitatu iliyopita, kampuni ya hapa inachukuliwa kama imeuza mali zake na kuzinunua tena. Hisa zimeuzwa ng'ambo, bili inatua Dar. Kwa hiyo anayetaka kushuka kutoka 80 hadi 20 ahesabu mafungu yake kwa kalenda ya miaka mitatu, asome na marekebisho ya kila Sheria ya Fedha, kwa sababu kifungu hicho hakikai kimya.

#11 Mizania

Tukiwa Tanzania, niweke na hili maana huwa linawachanganya watu. Kwa nini Absa ina benki mbili nchini?

Februari 1967, baada ya Azimio la Arusha, mabenki yalitaifishwa, Barclays ikiwemo, na matawi yakaunganishwa kuwa NBC, Benki ya Taifa ya Biashara. Mwaka 1997 NBC ikagawanywa, NMB ikazaliwa humo. Mwaka 2000 Absa ikanunua asilimia 55 ya NBC, serikali ikabaki na 30, na IFC, tawi la Benki ya Dunia linalowekeza kwenye sekta binafsi, ikachukua 15. Mwaka huohuo Barclays ikarudi nchini na benki yake mpya. Halafu 2005 Barclays ikainunua Absa, hivyo bila kupanga ikajikuta tena na mkono kwenye benki iliyotokana na matawi yake yenyewe ya kabla ya 1967. Ilipojitoa, zote mbili zikabaki kwa Absa. NBC ina wanahisa wengine wenye sauti, serikali ikiwa mmojawapo, kwa hiyo kuziunganisha ni mazungumzo ya thamani ya kila upande. Mfano mwingine wa jinsi wanahisa wachache wanavyogeuza jambo dogo kuwa kubwa.

#12 Hisa za Moi Avenue

Swali kwa Binti Mkaguzi au yeyote. Kwa nini kampuni nyingine hazichukui njia ya kuuza, zinagawa hisa za tanzu kwa wanahisa wa mama? Dell, wale wa kompyuta, walifanya hivyo na VMware, tanzu yao ya programu.

#13 Kalamu Nyekundu

Kwa sababu ya kodi ya Marekani. Kifungu cha 355 kinaruhusu mama agawe hisa za tanzu kwa wanahisa wake bila kodi, mradi awe na angalau asilimia 80 ya udhibiti. Dell walikuwa na 80.6. Hiyo nukta sita ndiyo iliyobeba mpango mzima.

Sharti jingine: udhibiti usiwe umenunuliwa kwa muamala uliotozwa kodi ndani ya miaka mitano iliyopita. Dell waliipata VMware walipoinunua EMC, kampuni iliyokuwa inaimiliki VMware kwa sehemu kubwa, muamala uliokamilika Septemba 2016. Hesabu miaka mitano: Septemba 2021. Mgawanyo ulikamilika 1 Novemba 2021. Waliokuwa wanauliza "mbona hawagawi 2019" hawakuwa wamefungua kalenda.

Kila hisa ya Dell ilipata takriban 0.44 ya hisa ya VMware. Kabla ya hapo VMware ilitoa gawio maalumu la dola bilioni 11.5, Dell ikachukua kama bilioni 9.3 ikapunguze madeni yake. Bilioni 2.2 zilizobaki zilikwenda kwa wanahisa wengine, kwa sababu gawio haliwezi kulipwa kwa mwanahisa mmoja. Hiyo ndiyo bei ya kuchota fedha kwenye tanzu usiyoimiliki yote.

Sababu yao nayo ilikuwa tofauti na ya Barclays. Soko lilikuwa linaithamini Dell chini ya kile ambacho hisa zake za VMware pamoja na biashara ya kompyuta vilistahili. Na VMware ilikuwa inauza programu kwa wateja wanaotumia seva za washindani wa Dell, kwa hiyo mwavuli wa Dell ulikuwa unampa mashaka kila mshirika wake.

Barclays haikuwa na mlango huo. Ikigawa hisa haipati hata pauni moja, na yenyewe ilihitaji mtaji.

#14 Sabasaba77

Hilo la soko kuithamini mama chini ya mtoto linawezekanaje? Mama si ana mtoto ndani yake?

#15 Kalamu Nyekundu

Lilitokea wazi kabisa 2 Machi 2000. 3Com, kampuni ya vifaa vya mtandao, iliuza asilimia 5 tu ya Palm, tanzu yake ya kompyuta za mkononi, kwa dola 38 kwa hisa. Jioni Palm ilifunga 95.06. Kila hisa ya 3Com ilikuwa na haki ya kupata baadaye hisa 1.525 za Palm, kwa hiyo ilistahili angalau dola 145. Ilifunga 81.81. Soko lilikuwa linasema biashara nyingine zote za 3Com, pamoja na fedha taslimu zake, zina thamani ya hasi dola 63 kwa hisa. Pengo halikuzibwa haraka kwa sababu ili ulizibe unahitaji kukopa hisa za Palm uziuze, na hisa zilizokuwa zikizunguka zilikuwa chache mno, hakuna wa kukukopesha. Somo kwa mama: ukiuza asilimia 5 unapata bei ya maonyesho, si bei ya mali.

#16 Binti Mkaguzi

Kwa mwenye hisa za tanzu, mambo ya kusoma kwenye tangazo la mama ni machache. Jina linaisha lini. Mikopo na dhamana za ndani ya kundi zinalipwa lini, kwa sababu tanzu nyingi hukopa kwa bei nafuu ya mama na baada ya hapo zinakopa kwa uso wao wenyewe. Nani analipa kutengana. Na hisa zilizobaki mikononi mwa mama zinauzwa lini, kwa kuwa kila mtu sokoni anajua fungu liko njiani na bei inashikiliwa chini nalo. Barclays ilikaa na zile 14.9 mpaka 2022, ikazimaliza kwa mafungu mawili yanayokaribia kulingana, Aprili na Septemba. Miaka sita na nusu tangu tangazo.

#17 Sabasaba77

Kwa hiyo sasa hivi jina la Barclays halipo tena kwenye hizi benki, limekwisha kabisa?

#18 Waya Mmoja

Ukitumiwa fedha kutoka nje kwenye akaunti ya Absa Tanzania, angalia msimbo wa SWIFT (utambulisho wa benki kwa malipo ya kimataifa) unaompa mtumaji: BARCTZTZ. Kenya BARCKENX, Uganda BARCUGKX. Kubadilisha msimbo wa SWIFT ni kuilazimisha kila benki mshirika duniani ibadilishe kumbukumbu zake siku moja, na itakayosahau malipo yake yanarudi. Hakuna aliyetaka kuugusa.